Mlima Mmoja, Majina Manne, Kisanduku Kimoja

Nimekuwa kimya kidogo hapa, na sababu ni milima. Najua mnakuja hapa kusoma mambo ya kompyuta. Vumilieni, tutafika huko baada ya aya chache.

Sisi tunaokaa Mwiki (hii ya Ruiru, si ile ya Kasarani) tukipanda juu ya ghorofa asubuhi isiyo na ukungu tunaona mlima mmoja upande wa mashariki, umesimama peke yake ng'ambo ya Thika. Ukimwuliza kondakta wa matatu atakwambia ni Kilimambogo. Kibao cha hifadhi ya taifa kinasema Ol Donyo Sabuk, na kuna ramani zinazoandika Ol Doinyo Sapuk. Wakikuyu wanauita Kĩanjahĩ. Wakamba walio upande wa pili wanauita Kyanzavi.

Majina haya nilianza kuyakusanya kwa sababu ya kazi. Nilikuwa natengeneza programu ndogo ya simu kwa watu wanaopenda kupanda milima, na kwenye hifadhidata yangu kila mlima ulikuwa na kisanduku kimoja cha jina. Sisi tuliosomea kompyuta tukikuta kitu kimoja kina majina manne, mkono unaenda wenyewe kwenye kusafisha: chagua moja, futa yaliyobaki. Kabla ya kufuta nikataka kwanza kujua yanasema nini. Wiki tatu zikaishia hapo.

Tuanze na ukubwa. Kwa Kiswahili cha shuleni, kilima ni mlima mdogo, na Kilimambogo ni kilima cha mbogo, yaani nyati. Kwa Kimaasai, Ol Doinyo Sapuk ni mlima mkubwa. Ni kitu kilekile chenye mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, huku kinaitwa kidogo, kule kikubwa! Lakini mchungaji anayekatiza mbuga za Athi na ng'ombe wake hana kitu kikubwa kuliko hicho mbele ya macho. Na Mkikuyu akisikia "kilima" hasikii udogo hata kidogo, maana kwake kĩrĩma ni mlima kamili, ule mdogo ni karĩma.

Jina la Kikuyu ndilo lililonishika zaidi. Njahi mnazijua, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua. Nikadhani ni mlima wa njahi, basi. Nikamwuliza shosho mmoja jirani yetu, aliyehamia Mwiki wakati bado ni mashamba.

"Shosho, kwa nini mnauita Kĩanjahĩ? Kulilimwa njahi kule?"

"Wee! Nani alikwambia ni za kula? Ni mvua ya njahi. Mawingu yakikaa juu ya mlima ule, sisi tunaanika majembe?"

Mvua za masika kwa Kikuyu huitwa mbura ya njahĩ. Jomo Kenyatta naye, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anautaja kati ya milima minne mitakatifu na kulieleza jina lake kuwa mlima wa mvua kubwa. Wenzake watatu ni Kĩrĩnyaga, Nyandarua na ile tunayoiita Ngong. Kwa hiyo ndani ya jina moja kuna mwelekeo, kuna msimu, na kuna kalenda ya mkulima. Nikilifuta, hayo yote yanaondoka nalo.

Sasa Kyanzavi. Nililiweka kama jina tofauti kabisa, mpaka nilipoandika programu fupi ya Python ya kulinganisha sauti. Kikuyu na Kikamba ni ndugu, na tofauti zao hufuata kanuni. Penye nj kwa Kikuyu, mara nyingi Kikamba kina nz: njoka ni nzoka. Penye h, Kikamba kina v: haha, yaani hapa, ni vaa. Sasa chukua njahĩ, badilisha nj iwe nz na h iwe v. Unapata nzavi, na kweli nzavi kwa Kikamba ni njahi! Watu wawili walio pande mbili za mlima mmoja wameupa jina lilelile, kila mmoja kwa ulimi wake. Kompyuta ililiona kwa sekunde moja, ila ilibidi kwanza yote mawili yawemo kwenye faili.

Kwa mafundi wenzangu, kuna tatizo jingine. Herufi ĩ na ũ hazimo katika mpangilio wa zamani wa Latin-1. Jina likipita kwenye mfumo wa namna hiyo, Kĩanjahĩ hutoka K?anjah?. Hata kwenye Unicode, ĩ huandikwa kwa njia mbili: herufi moja kamili, U+0129, au i ya kawaida ikifuatwa na alama ya wimbi, U+0303. Kwa macho ni sawa, kwa kompyuta ni maneno mawili, na anayetafuta hapati kitu. Dawa ni kupitisha kila jina kwenye NFC kabla ya kulihifadhi.

Kisanduku kimoja kina hatari yake, na mfano uko magharibi yetu. Mwaka 1884 mvumbuzi Joseph Thomson aliipa safu ya Nyandarua jina la Aberdare, kumheshimu Lord Aberdare, rais wa Royal Geographical Society ya London. Bwana huyo alitoka Wales, na Aberdare ni mji wa huko. Kwa Kiwelisi ni Aberdâr, mahali kijito cha Dâr kinapoingia mto Cynon. Yaani milima yetu ilibeba jina la mdomo wa kijito cha Wales! Leo kaunti ni Nyandarua, lakini hifadhi ya taifa bado ni Aberdare. Na Wawelisi wenyewe wana kesi kama yetu: mlima wao mkubwa ulijulikana duniani kama Snowdon, mpaka mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi yao ilipoamua kutanguliza jina la Kiwelisi, Yr Wyddfa.

Basi nimevunja kile kisanduku. Jina sasa lina jedwali lake, na kila mstari una lugha, tahajia, nani alisema, alikuwa amesimama wapi, na tarehe. Nimetumia alama za lugha zilezile za OpenStreetMap: sw, ki, kam na mas. Jina la kibao linaonekana kwanza, mengine yapo chini yake, na utafutaji unayapata yote.

Mlima mkubwa kama ule una watetezi. Wasiwasi wangu ni vilima vidogo. Fungua ramani za Survey of Kenya za 1:50,000 uone ni vingapi vina namba ya mwinuko tu, bila jina. Majina yao yako kwa kina shosho, na huku kwetu mashamba yanakatwa kuwa ploti, kila mtaa mpya unaitwa "Phase 2" au "View". Hifadhidata ya jina hilo haina nakala ya akiba.

Kwa leo naishia hapa. Kama kwenu kuna kilima, hata cha kupanda kwa dakika tano, mwulizeni mzee jina lake wikendi hii, mwandike kama anavyolitamka, na mwulize alikuwa anakitazama kutoka wapi. Halafu nileteeni. Jedwali lina nafasi.