Amechoka Kidogo

Mteja alilalamika mara ya tatu usiku ule: faili zake zinakwama. Nikafungua grafu. Laini yake ilikuwa imetumika asilimia 30 tu. Nikamjibu, "Huku kwetu kila kitu kiko sawa."

Sikudanganya, lakini pia sikusema ukweli. Grafu yetu hukusanya hesabu kila baada ya dakika 5, halafu inaandika wastani. Foleni ndani ya swichi hujaa na kuisha kwa milisekunde chache. Seva kadhaa zikimjibu mtu mmoja kwa pamoja, bafa inafurika, pakiti zinatupwa, halafu kimya. Ukija kuchungulia baadaye unapata barabara tupu. Nikaacha wastani, nikaangalia kilele, yaani foleni ilifika juu kiasi gani tangu mara ya mwisho kusomwa. Bafa ilikuwa imejaa pomoni.

Mimi pia nilikuwa na wastani wangu. Kila Jumapili saa kumi jioni nilimpigia Mama, Machakos. "Mko aje, Mama?" "Tuko sawa." Mtoto wangu aliishi kwake tangu akiwa na mwaka mmoja, maana shifti za usiku na mshahara wangu havingeweza kulipa yaya. Baadaye ndugu yangu akampelekea wake wawili. Tulituma pesa kila mwezi, tukajiona watoto wazuri.

Dawa ya shida ya mteja ipo tangu 2001, ilipoandikwa RFC 3168. Kabla ya hapo, kwa kawaida kifaa kilicholemewa kilisema kwa kutupa pakiti. Njia hii mpya hutumia biti mbili kwenye kichwa cha pakiti. Zote zikiwa 0, mtumaji haelewi hayo mambo. Moja ikiwa 1, anasema, "Niambie, nitasikia." Swichi ikiona foleni inapanda, inazigeuza zote mbili kuwa 1 na kuiachilia pakiti iendelee na safari. Anayeipokea anamrudishia mtumaji habari, na anairudia katika kila jibu mpaka mtumaji athibitishe kwamba amepunguza mwendo.

Kazi yangu ilikuwa kuweka vizingiti. Foleni ikifika hapa, anza kutia alama pakiti chache; ikifika pale, tia zote. Ukiweka chini sana, watu wanapunguza mwendo bure. Ukiweka juu sana, alama inakuja wakati bafa imeshajaa.

Nilikuwa hapo, saa nane usiku, jirani ya Mama akapiga simu. Mama ameanguka jikoni. Presha. Wamempeleka hospitali, watoto wako kwake, nisiwe na wasiwasi.

Asubuhi, ndani ya matatu, nilisoma meseji zetu kuanzia juu. Machi: "Leo nimechoka kidogo." Aprili: "Nimechoka kidogo lakini ni sawa." Mei, mara mbili. Nilihesabu tisa. Chini ya kila moja nilikuwa nimeandika "Pole Mama, pumzika." Na chini ya pole ya Mei, siku hiyo hiyo: "Alafu nisaidie kumpeleka mtoto kliniki kesho."

Nilizima simu nikaangalia nje mpaka Athi River.

Sikuwa naweza kusema hakuniambia. Aliniambia, akarudia, kwa sauti ya chini ambayo wamama wetu hutumia wakiomba kitu bila kuomba. Mimi ndiye nilikuwa naandika pole na kuendelea kutuma kwa mwendo ule ule.

Mama alitoka hospitali baada ya siku nne. Mtoto wangu sasa analala nami kwenye bedsitter. Niliomba shifti ya mchana, marupurupu ya usiku yakaenda, na mwisho wa mwezi ni noma. Ndugu yangu bado "anajipanga." Yule mteja alitulia. Nikiangalia kilele cha foleni yake siku hizi, kinabaki chini ya nusu ya bafa.

Jumapili bado napiga, lakini siulizi mko aje. Nauliza, "Mama, wiki hii siku gani ilikuwa mbaya kabisa?"

Mara ya kwanza alicheka. "Wewe nawe, maswali gani hayo?" Ya pili akabadilisha mada, akaniambia kuhusu mahindi. Jumapili iliyopita alinyamaza muda mrefu, nikadhani kredo imeisha.

"Jumanne," akasema.

Nikamwekea mtoto katuni, nikakaa chini.