Wati Chache, Sanduku Kubwa

Ukiingia katika duka la vifaa vya muziki, iwe Ngara mjini, Biharamulo au pale Nyakanazi malori yanapopumzika, utakuta sabufa zimepangwa na kila moja imebandikwa namba ya kutisha: wati 5,000, wati 8,000, wati 12,000. Igeuze usome maandishi madogo karibu na waya wa umeme, utaona chombo chote kinakula kama wati 60. Hakuna kifaa kinachotoa nguvu kuliko iliyoingia. Muuzaji analijua hilo, na mnunuzi naye mara nyingi analijua, ila namba kubwa ina utamu wake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nyumbani kwangu Rulenge nina spika mbili ambazo wageni hudhani ni makabati. Kila moja ina spika ya inchi 15 chini na honi pana juu, basi. Njia mbili tu. Nilizichora nikiiga zile spika kubwa ambazo mafundi wa studio za Marekani na Uingereza walitumia kukagua kazi zao kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1980. Zinaendeshwa na amplifaya ya wati 20 kwa betri ya sola, na jioni jirani humtuma mtoto kuniomba nipunguze.

Watu huniuliza kwa nini mtu mzima arudi nyuma miaka yote hiyo wakati vitu vya kisasa vimejaa madukani. Jibu langu ni umeme. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea jenereta za dizeli za TANESCO. Leo mitambo ya Rusumo, yenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, iko mlangoni kwetu, na nguzo zinashuka hadi Nyakanazi. Hata hivyo, nyumba nyingi vijijini bado zinaishi na paneli moja na betri moja. Hapo wati ni mali, na mali haimwagwi.

Wahandisi wa Marekani wa miaka ya 1930 walibanwa na shida hiyohiyo. Sinema zilikuwa zimeanza kutoa sauti, kumbi zilikuwa za watu elfu na zaidi, na amplifaya za valvu zilikuwa ghali na zenye wati kidogo. Mwaka 1936 timu ya Douglas Shearer wa MGM iliunda spika ya njia mbili yenye masanduku makubwa na honi, ikapata tuzo ya Academy. Mmoja wa walioshiriki kazi hiyo alikuwa James Lansing. Yeye na wenzake wa Altec Lansing baadaye walitoa 604, spika ya inchi 15 iliyobeba honi katikati yake, ambayo studio nyingi ziliifanya kuwa sikio lao. Uingereza, Tannoy walitoa ya kwao mwaka 1947. Kisha mwaka 1981 JBL, kampuni aliyoianzisha Lansing mwenyewe mwaka 1946, ikatoa 4430: inchi 15 moja, honi moja, mwisho. Hiyo ndiyo niliyoifuata kwa karibu zaidi. Lansing hakuiona, alifariki mwaka 1949 akiiacha kampuni na madeni.

Wahandisi wale wa sinema hawakuwa na wati, wakatumia ukubwa. Spika ndogo ya sebuleni ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, inatoa desibeli kama 86. Ya inchi 15 iliyotengenezwa kwa ajili ya ukumbi inatoa kama 96. Desibeli 10 zinaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni nguvu mara kumi. Amplifaya yangu ya wati 20 inafanya kazi ambayo spika ndogo ingehitaji wati 200 kuifanya.

Ukubwa huo haupatikani bure. Josef Anton Hofmann, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya KLH, aliacha kanuni ambayo wajenzi wa spika mpaka leo huiita ya chuma: kuna mambo matatu unayoyatamani, yaani besi inayoshuka chini sana, sanduku dogo, na sauti kubwa kwa nguvu kidogo. Chagua mawili. La tatu litakuponyoka, hata uwe fundi wa namna gani. Zile sabufa za dukani zinakuahidi yote matatu, ndiyo maana zinahitaji uongo ubavuni.

Kanuni hii nimeibeba nje ya mambo ya spika, na sijutii. Kwa miaka nilitaka mshahara wa mjini, utulivu wa kijijini, na kuwa karibu na wazazi. Kila mwaka nilikuwa nikiandika barua za uhamisho kwenda Mwanza na kila mwaka nikiomba zisijibiwe. Nilikuwa sijakubali kupoteza kimojawapo, kwa hiyo nilikuwa naumia kwa vyote vitatu. Nilipoamua kwamba kitakachokosekana ni mshahara wa mjini, mambo mengine mawili yalitulia. Simshauri kila mtu achague kama mimi. Kuna mwenzangu alichagua Mwanza na analala usingizi mzuri tu. Ninachosema ni kwamba naye alijua anachokiacha.

Turudi kwenye mbao. Fundi seremala niliyemwendea yuko Biharamulo, mzee aliyezoea vitanda vya mninga na milango ya makanisa. Nilipomkunjulia mchoro aliinua miwani.

"Mwalimu, hili ni kabati la nguo au banda la kuku?"

"Ni spika, mzee wangu."

"Spika ya kuongea na nani, Kigali?"

Nilitaka mninga mtupu, kwa sababu ya uzuri. Akakataa. Mti mzima, alisema, unavimba masika na kusinyaa Julai, na kiungo kikifunguka kidogo tu hewa itapita. Tukatumia plaiwudi ya milimita 18, ambayo matabaka yake yamepishana na kushikana, na mninga ukabaki kuwa fremu ya mbele. Ndani ni sentimita 85 kwa 55 kwa 36, yaani lita 168. Ukitoa viunzi, sumaku na mabomba zinabaki kama 155. Kwa mabomba hayo tulikata PVC ya inchi 4, mawili kwa kila sanduku, kila moja sentimita 19. Hewa iliyomo kwenye mabomba ikisukumana na hewa ya sanduku, hewa hiyo hutikisika karibu na Hezi 35, na hapo ndipo besi ya chini inapozaliwa bila kuiongezea spika mzigo.

Namna mzee alivyotafuta mahali pa kuweka viunzi ilinifunza zaidi ya vitabu. Aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, taratibu, akisikiliza. Palipoitika kwa sauti ya kuimba, aliweka alama ya penseli, akapiga kiunzi, akagonga tena. Sanduku zuri ukiligonga linatoa sauti fupi na kavu. Kazi yake ni kunyamaza ili kinachoongea kiwe spika peke yake. Akaniambia ana wanafunzi wa kazi ambao hawawezi kupeleka ujumbe kwa mteja bila kuongeza maneno yao, na kwamba hao nao angependa kuwapigia kiunzi.

Kabla ya kukata ubao hata mmoja ilinibidi niijue spika yenyewe. Nilizinunua zikiwa zimetumika, hazina karatasi wala jina la kueleweka. Kuna njia ya kuzihoji. Unaitundika hewani, unaipa mlio kutoka kwenye simu kupitia amplifaya na rizista, na kwa mita ya kawaida unatafuta Hezi ambayo upinzani wake unapanda juu kabisa. Ya kwangu ilikuwa 38. Kisha unaibandika uzito unaoujua juu ya koni na kuangalia namba hiyo inashuka kiasi gani. Uzito lazima uwe wa uhakika, na Biharamulo, wilaya yenye machimbo ya dhahabu, mizani ya uhakika haikosekani. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alinipimia sarafu mpaka zikatimia gramu 50, akakataa malipo, akasema tangu aanze kazi hajawahi kupima hela. Nilipozibandika, spika ikashuka hadi karibu Hezi 30. Kutokana na tofauti hiyo unaweza kukokotoa uzito wa koni, ulaini wa pindo lake, na hatimaye sanduku linaloifaa. Bila mzigo, spika mbili tofauti kabisa zinaweza kutoa jibu moja. Ukizitwika, kila moja inasema ukweli wake. Walimu na wazee wa ukoo wameyaona hayo kwa watu.

Hesabu zenyewe zilitoka mbali na wakubwa. Neville Thiele alizichapisha Australia mwaka 1961, na nje ya huko hazikusikika sana mpaka jarida la wahandisi wa sauti la Marekani lilipozirudia mwaka 1971 na Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akaziendeleza. Kabla ya hapo masanduku mengi yalikatwa kwa majaribio. Nawaambia wanafunzi wangu habari hii kila wanapoona Ngara iko pembeni mno kwa jambo lolote la maana kutokea.

Sehemu ngumu kuliko zote ni krosova, mahali ambapo spika ya chini inaiachia honi. Mawimbi ya Hezi 1,000 yana urefu wa sentimita 34 hivi, karibu sawa na upana wa koni ya inchi 15. Kuanzia hapo koni kubwa huanza kuminya sauti kuwa mwale mwembamba mbele yake, aliyekaa pembeni asisikie vizuri. Honi nayo, ukiiteremsha chini mno, inalemewa na kuungua. Wabunifu wa 4430 waliweka makutano karibu na Hezi 1,000, mahali ambapo upana wa sauti ya koni na upana wa sauti ya honi unalingana. Ni kama mbio za kupokezana vijiti: kijiti kinabadilishwa wote wawili wakiwa bado wana pumzi na wanakimbia kasi moja. Tunawajua viongozi, na hata baba wa familia, wanaong'ang'ania mpaka wamechoka kabisa ndipo wanamtupia kijana ambaye hajawahi kukimbia hatua moja sambamba nao.

Halafu honi ina kelele kuliko spika ya chini, kwa desibeli kumi na zaidi. Kwa koili na kapasita huwezi kumpandisha aliye chini. Unachoweza ni kumteremsha aliye juu kwa rizista mpaka walingane. Koili nilisukiwa na fundi wa mota kwa waya wa shaba. Rizista ndizo zilizonigharimu usiku mwingi, kwa sababu honi isiyopunguzwa inasisimua mwanzoni. Ukiisikiliza saa nzima, kichwa kinauma.

Nilipomaliza nilicheza rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970, Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, na baadaye Mlimani Park. Bendi zile ziliingia studio zikapiga wote kwa pamoja. Nilikua nazo kwenye redio ya betri ya baba, yenye spika isiyozidi upana wa kiganja, ambayo haiwezi kutoa besi ya chini hata ukiibembeleza. Kumbe mpiga besi alikuwepo muda wote. Alikuwa na mambo yake, anamjibu mwimbaji, anamchokoza mpiga gitaa la pili, na nyumba nyingi za nchi hii hazijawahi kumsikia. Kanda ilikuwa na besi yake. Redio ndiyo haikuwa na nafasi. Tangu hapo nikimsikia mwanafunzi anaitwa mzito, hujiuliza kwanza anasikilizwa kwa chombo gani.

Spika hizi hazikupendwa na kila mtu. Kijana anayekodisha muziki wa harusi alikuja, akasikiliza wimbo mmoja, akasema, "Shikamoo mwalimu, ila hazipigi kifua." Ni kweli. Spika ya studio haikujengwa ili ipendeze. Ilijengwa ili mtu wa kazi asikie kosa kabla kanda haijatoka nje. Wimbo mbaya unabaki mbaya.

Katika wilaya yetu hilo si jambo dogo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia vita vya Rwanda, wakati wa mauaji ambayo redio ya Mille Collines ya huko iliyachochea kwa muziki mzuri na watangazaji wachangamfu. Mwaka uliofuata Wajesuti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera hapahapa Ngara. Mto wa mpakani ni mmoja, na vyombo vya redio mbili hizo vilifuata fizikia ileile. Kilichozitenganisha ni yule anayeketi mbele ya spika na kuamua kipi kitoke na kipi kisitoke. Kwa hiyo kijana akiniambia spika nzuri ni ile inayopiga kifua tu, nabishana naye bila kuchoka.

Vipimo nimevitaja na havina siri. Plaiwudi ipo, mafundi wa Biharamulo wapo, spika zilizotumika za inchi 15 zinapatikana Mwanza na Kahama kwa anayejua kuchagua. Ukienda kununua, usiulize ina wati ngapi. Uliza inatoa desibeli ngapi kwa wati 1, na muuzaji asipokuwa na jibu, baki na hela yako.