Waliofyeka Pori la Nkwenda

Siku ya gulio, Nkwenda haipitiki. Pikipiki zinaingia na mikungu ya ndizi iliyofungwa pande zote mbili za kiti, dereva kabanwa katikati haonekani ila kichwa. Akina mama wamemwaga maharage juu ya maturubai, ya njano kwake, mekundu kwake, na wachuuzi wanayachota kwa kiganja, wanayapuliza vumbi, kisha wanaanza kubishana bei. Mabishano yenyewe yanaanza kwa Kinyambo, yanahamia Kinyarwanda, na hesabu ya mwisho inapigwa kwa Kiswahili. Hakuna anayeshangaa. Nilisimama kando ya muuza kahawa ya maganda nikasikiliza mpaka jua likawa kali.

Nkwenda ni mji wa biashara katika Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kijana aliyezaliwa juzi anaweza kudhani mji huu ulikuwapo tangu enzi za wafalme. Wazee wanajua zaidi. Nkwenda, pamoja na Kimuli iliyo wilaya hiyo hiyo, zilikuwa makazi ya wakimbizi. Machafuko yalipoanza Rwanda mwaka 1959, Watutsi kwa maelfu walikimbia kuokoa uhai wao, na waliokimbilia upande wetu walikuta ng'ambo ya Mto Kagera nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajiandaa kujitawala. Tanganyika haikuwa na fedha. Ilikuwa na ardhi, na ikawagawia.

Mwendesha bodaboda alinipeleka Kimuli kwa mzee mmoja ambaye, alisema, "ndiye anayekumbuka." Nilimkuta chini ya mti, fimbo mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamwita mjukuu alete kiti, kisha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Huku Kagera mgeni hapewi maneno kabla ya kahawa. Nilitafuna mbili, chungu na kavu, yeye akiwa kimya.

Alivuka akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Anakumbuka pori, manyasi marefu kumpita baba yake, na nyati waliokuwa wakiingia shambani usiku. Anakumbuka zaidi Wanyambo, wenyeji waliowakuta huko. "Hao ndio waliotupa machipukizi ya migomba," akasema. "Mgomba wa kwanza wa baba yangu ulitoka kwa jirani Mnyambo. Usiliandike la kwetu ukaliacha la kwao."

Naliandika.

Kisha akanitembeza kibanjani, na hapo nilielewa kuliko katika maneno yote. Kibanja chake ni migomba juu, mibuni katikati, maharage chini, vyote pamoja bila kugombania jua. Alifunua matandazo kwa ncha ya fimbo. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, una minyoo, tofauti kabisa na ule mwekundu wa barabarani nilikotoka. Weusi ule umetengenezwa na mikono. Ni samadi ya ng'ombe wachache wa zizini, majani ya migomba yaliyokatwa na kulazwa, miaka zaidi ya 50 ya kurudia kazi ile ile. Tunapojisifu kwamba Karagwe na Kyerwa zinalisha miji ya Kanda ya Ziwa kwa ndizi na maharage, na kwamba kahawa ya huku inakwenda ng'ambo kupitia vyama vya ushirika, tunausifu udongo wa namna hii, na mtu aliyeutengeneza yuko pale kasimama na fimbo.

Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko, bahasha. Ndani ya bahasha, cheti cha uraia. Karatasi imekatika kwenye mikunjo, imeungwa kwa gundi ya karatasi. Mwaka 1980 serikali ilifungua mlango wa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000, jambo ambalo nchi chache za Afrika zilithubutu wakati ule, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa namna Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Nishani alipewa Mwalimu, na aliistahili. Lakini waliofanya ukarimu ule uzae chakula ni watu wa Nkwenda na Kimuli, wageni na wenyeji wao, na sijaona mahali jina la hata mmoja wao limeandikwa.

Wapo watakaosema hawa ni wa kuja. Katika nchi hii ya Karagwe, nani si wa kuja? Masimulizi ya Wanyambo, ambayo mwanahistoria Israel Katoke aliyakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1975, yanasema Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa wafalme wa Abahinda, alitoka kaskazini akautwaa utawala kutoka kwa mtawala aliyemtangulia, Nono. Mwaka 1861 mjukuu wa ukoo huo, Rumanyika, aliwapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant. Grant akaugua mguu, Speke akaendelea Buganda, na mgonjwa akabaki kwa miezi kadhaa chini ya ulinzi wa mfalme. Jirani na ikulu ya Bweranyange, pale Kafuro, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao. Misafara yao ilileta shanga na vitambaa, na iliondoka na pembe za ndovu. Lugha ninayoiandika hapa ilifika Karagwe kwa miguu ya wageni hao.

Wala si kwamba hatujui kumuenzi mgeni. Mkoa huu huu wa Kagera ulimpokea Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden aliyekuja Bukoba mwaka 1946, akafundisha wasichana katika shule ya Kashasha, akawa mbunge, akachukua uraia. Dar es Salaam ipo shule ya wasichana yenye jina lake. Ni haki yake kabisa. Lakini mgeni aliyekuja na jembe begani badala ya chaki amefanya nini hata tumsahau?

Tena tumefanya kibaya kuliko kusahau. Mwaka 2013 serikali iliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke katika mikoa ya magharibi, na msako ulioitwa Operesheni Kimbunga ukafuata. Nchi ina haki ya kujua nani anaishi ndani yake, na wizi wa mifugo na ujambazi wa silaha mipakani ulikuwa mateso ya kweli kwa watu wa Karagwe na Kyerwa. Hilo silipingi. Ila katika maelfu waliovuka kurudi Rwanda walikuwamo waliokaa miongo mingi, wenye wake na waume Watanzania, wenye vibanja vya migomba inayozaa. Familia ziligawanyika mtoni. Mzee wa Kimuli alibaki kwa sababu ya ule mfuko wa nailoni. Nilipomuuliza habari za majirani aliokuwa nao, alinionyesha kwa fimbo kibanja kimoja, kisha kingine. Sikuuliza tena.

Hata leo, katika mashamba ya ukanda huu, vibarua wengi wanaopalilia na kuchuma kahawa wametoka Burundi. Wanakuja msimu wa kazi, wanalala vibandani, wanalipwa kidogo, na msimu ukiisha hatuwataji. Kikombe cha kahawa ya Kagera hakifiki mezani bila mikono yao.

Naziomba halmashauri za Karagwe na Kyerwa zifanye jambo moja lisilohitaji fedha nyingi: zitume walimu na vijana wenye daftari Nkwenda, Kimuli na kwingineko, wakaandike majina ya waliofyeka mapori yale, pamoja na majina ya Wanyambo waliowapa mbegu, na historia hiyo ifundishwe katika shule za huko huko. Mtoto aliyevuka mto mwaka 1961 akiwa na miaka 10 leo ameshapita miaka 70. Kazi hiyo ianze mwaka huu.