Jibini ya Masisi bila mizani

Mjini Goma, jibini ya Masisi inauzwa kwa kilo. Lakini kwa familia zilizokimbia vita mizani haipo. Kuna kikombe tu. Mama wa Masisi, ambaye kwao alikata kipande kwa jicho bila kuhesabu, leo ananunua robo kilo na lazima itoshe siku mbili.

Kikombe cha mililita 250 kikijaa jibini iliyokwaruzwa, ni karibu gramu 100. Basi robo ni vikombe viwili na nusu. Asishindilie kwa kidole! Ikishindiliwa, ya kesho inaliwa leo. Ikikatwa vipande vidogo kwa kisu, kikombe kinabeba zaidi, karibu gramu 130. Chumvi aonje kwanza, jibini inayo tayari.