Alama Iliyohama

Mimi natoka Kinshasa, na lugha ya nyumbani kwetu ni Lingala. Nilipoanza kujifunza Kiswahili, neno la kwanza kunichekesha lilikuwa "moto". Kwetu, moto ni mtu. Mwalimu aliposema moto unawaka, mimi nilimwona mtu anaungua.

Kwa hiyo, tulipoagizwa kuandika insha ya kulinganisha Kiswahili na lugha zetu, nilichagua neno hilo. Nilionyesha maneno matatu ya Lingala: moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ndiyo moto wenyewe. Yanatofautiana kwa toni na kwa irabu. Ukiandika bila alama, na ukiweka o badala ya ɔ, yote matatu yanafanana.

Kwenye kompyuta yangu, inayotumia Linux, insha ilionekana safi. Nikaitia kwenye flashi, nikaenda kuichapisha dukani, kwenye kompyuta ya Windows. Sikuikagua. Darasani mwalimu aliniuliza, "Tangu lini herufi t ikabeba toni?" Alama ya ɔ ilikuwa imehamia juu ya t. Wenzangu walicheka. Niliona aibu, si kwa ajili yangu tu, bali kwa ajili ya lugha ya mama yangu, iliyoonekana kama haina utaratibu.

Nikatafuta sababu. Katika Unicode, ó ina namba yake moja. Lakini ɔ́ haina. Huandikwa kwa namba mbili, kwanza ɔ, kisha alama. Kuiweka alama mahali pake ni kazi ya wawili: fonti hubeba vipimo vya mahali pa kutua, na programu ya kupanga herufi huvisoma. Programu hiyo si moja kila mahali. Linux na Android hutumia HarfBuzz, Windows ina DirectWrite, na Mac ina Core Text. Tena fonti yangu, Charis SIL, haikuwemo katika kompyuta ya dukani. Mfumo ukaazima fonti nyingine, alama ikakosa pa kutua. Ndiyo maana motó lilitoka salama, mɔ́tɔ likaharibika.

Kiswahili kina bahati. Hata ng' ya ng'ombe huandikwa kwa kibodi yoyote, wala hakuna alama ya kupotea njiani. Anayeandika Kiswahili peke yake hawezi kulijua tatizo hili.

Siku hizi nahifadhi kazi yangu kama PDF yenye fonti ndani yake, na nasoma kila ukurasa kabla ya kulipa. Insha ile niliichapisha upya, nikamrudishia mwalimu. Aliitazama, akasoma maneno yale matatu kwa sauti, polepole, kisha akaniuliza kama amepatia. Mawili alipatia. La tatu nilimfundisha mimi.