Gari Lililoshuka na Gari Lililoshushwa

Walimu wengi wanapofundisha mnyambuliko wa vitenzi huanza na kitenzi pika: pikia, pikika, pikisha, pikwa. Mfano huo ni mzuri, nasi tumeutumia kwa miaka mingi. Hata hivyo, tofauti iliyopo kati ya kushuka na kushushwa hatukuielewa barabara darasani. Tulifunzwa na gari letu.

Sisi ni mume na mke, wote wawili wakufunzi wa Kiswahili, na makazi yetu yako Mukono, mashariki ya Kampala. Gari letu ni Subaru Impreza yenye milango minne na injini ya tabochaja, lililoingia Uganda likiwa limekwisha kutumika Japani, kama yaingiavyo magari mengi ya nchi yetu. Mmoja wetu alilipenda kwa mbio zake. Mwenzake alilikubali kwa kuwa viti viwili vya watoto wetu pacha vinaenea nyuma. Kila siku ya kazi hutupeleka chuoni. Na kila mwezi humpeleka Mama, mzazi wa mume, hospitalini Kampala, kwani mgongo wake umemsumbua kwa muda mrefu.

Asubuhi moja mlinzi wa lango la chuo aliinama dirishani akasema, "Salongo, gari limeshuka nyuma." Alisema kweli. Tulipopima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, upande wa kulia ulikuwa umepungua milimita 18 kuliko wa kushoto. Springi zilikuwa zimechoka. Hapo mmoja wetu akaiona nafasi aliyokuwa akiitamani tangu siku ya kulinunua gari: ikiwa springi hazina budi kubadilishwa, mbona tusitie zile za kulishusha lote, mbele na nyuma?

Tamaa hiyo haikuwa ya urembo mtupu. Gari likikaribia ardhi, kitovu chake cha uzito hushuka pia, na katika kona uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje hupungua. Bodi hailali sana, na usukani hujibu upesi. Lakini springi ya kushushia gari haina budi iwe ngumu kuliko ile ya kiwandani, kwa sababu imepunguziwa nafasi ya kubonyea. Ugumu huo ndio tulioubishania.

Ubishi ulidumu wiki mbili. Mume alitaka kushusha kwa milimita 40; mke alitaka springi za kiwandani, basi. Mama aliyasikia yote sebuleni. Jioni moja alituambia kwa upole, "Wanangu, tieni springi mzitakazo. Mimi nitapanda taksi." Taksi kwetu Uganda ni lile basi dogo la abiria 14, na Mama alijua, nasi tulijua, jinsi viti vyake vinavyomtesa mtu mwenye maumivu ya mgongo. Hakuna kati yetu aliyepata la kujibu. Tangu jioni ile tuliacha kushindana, tukaanza kutafuta springi ambayo ingetuchukua sote.

Fundi wa kwanza tuliyemwendea, kando ya barabara, alikuwa na jawabu jepesi. "Mwalimu, nakata mzunguko mmoja tu kwa msumeno, gari linashuka leo hii." Tulimwomba muda, tukarudi nyumbani na kufungua madaftari yetu ya zamani ya fizikia. Kanuni ya Robert Hooke, iliyochapishwa mwaka 1678, yatufundisha kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikabili. Ama ugumu wenyewe hutokana na unene wa waya, upana wa mzingo na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene wa waya ukiongezwa asilimia 10 tu, ugumu huongezeka kwa takriban asilimia 46. Mizunguko ikipunguzwa, ugumu huongezeka vilevile. Kwa hiyo fundi hakutudanganya: springi iliyokatwa hushusha gari, tena hukaza. Lakini ugumu wake hakuna aliyeuchagua, umetokea tu. Aidha, ncha iliyokatwa haikai sawasawa katika kikalio chake, na gari likiinuliwa kwa jeki au likiruka tuta, springi yaweza kuchomoka. Hatukurudi kwake.

Fundi wa pili tulimpata katika soko la Kisekka, Kampala, mahali panapojulikana sana kwa vipuri. Mzee huyo hakutuuliza tunataka milimita ngapi. Aliuliza, "Mnapita wapi kila siku? Na nani hupanda?" Tulipomweleza, alitufungia nyuma springi nzima za kiwandani, za kuazima. Kisha akachukua kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, akaizungusha kwenye fimbo ya shokomzoba. "Watu wenu wakiisha kuketi, isukumeni kamba hii hadi chini kabisa," akasema. "Piteni matuta yenu kama kawaida. Kamba itawaambia."

Jumapili tulikwenda na kurudi, Mama akiwa mbele, Nalongo nyuma katikati ya pacha. Kamba ilikuwa imesukumwa juu milimita 55. Nafasi yote iliyokuwapo, tangu gari lilipotulia na abiria wake hadi kwenye mpira wa kuzuia mgongano, ilikuwa milimita 70. Ubishi wa wiki mbili ukaishia katika hesabu ya kutoa. Tungeshusha kwa milimita 40, zingebaki 30, ilhali matuta yetu yalidai 55. Springi yoyote ambayo Mama angeweza kuivumilia isingeliziba pengo hilo. Gari lingegonga mpira katika kila tuta, na pigo lingemfika mgongoni. Tungeshusha kwa milimita 20, zingebaki 50. Na springi iliyozidi ya kiwandani kwa asilimia 25 za ugumu ingebonyea kidogo zaidi, ikatosha, ijapokuwa kwa shida. Tukachagua 20. Kati ya springi mbili za kimo hicho, tulichukua ile ambayo mizunguko yake imebanana upande mmoja: huanza kwa ulaini katika mikwaruzo midogo ya barabara, kisha hukaza panapo shimo.

Tulidhani kazi imekwisha. Mzee akatikisa kichwa. "Springi haiendi peke yake, Mwalimu."

Usemi huu ulitugusa, kwa sababu ndio tunaowaambia wanafunzi wetu kila mwaka kuhusu nomino. Ukibadili kitabu kuwa vitabu, sentensi nzima haina budi kufuata: vitabu vizuri vimepotea. Ndivyo ilivyo katika gari. Shokomzoba za zamani zilikuwa zimezoea springi laini. Zingeachiwa springi ngumu, gari lingeendelea kurukaruka baada ya kila tuta, kwa hiyo tukanunua mpya. Gari likishuka, magurudumu huelekea kulala kwa ndani upande wa juu, na tairi huliwa ukingo wa ndani. Kwa hiyo pembe za magurudumu zikapimwa na kurekebishwa. Taa za mbele nazo zikaelekezwa upya, zisije zikawaumiza macho madereva wanaokuja. Anayebadili springi na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa ni ndugu ya mwanafunzi aandikaye "vitabu kizuri kimepotea". Tofauti ni kwamba kosa la mwanafunzi husahihishwa kwa kalamu nyekundu, na la gari husahihishwa barabarani, wakati mwingine watu wakiwa ndani.

Mwezi uliofuata tulimchukua Mama. Mume aliendesha polepole mno, akiviziavizia kila tuta, hata Mama akacheka. "Endesha, mwanangu. Mimi si yai." Hatutasema kwamba gari halikuongezeka ugumu. Limeongezeka, hutikisika upesi zaidi kuliko zamani, na tuta moja lililo karibu na chuo hulipita kwa mshazari, gurudumu moja baada ya lingine. Lakini Mama hajapanda taksi hata mara moja, na katika kona za njia ya Jinja mume hutabasamu peke yake, akidhani haonekani.

Jumatatu ya kwanza mlinzi alilizunguka gari, akalitazama kwa huruma. "Salongo, pole. Limeshuka tena, na sasa hata mbele?"

Nalongo ndiye aliyemjibu: "Halikushuka. Limeshushwa."

Tumelirejelea jibu hilo mara nyingi darasani. Kwa umbo, jambo ni rahisi: shuka huzaa shusha, k ya mwisho ikigeuka sh, kama tunavyoona katika anguka na angusha, waka na washa, kisha -w- ya kutendwa huongezwa, tukapata shushwa. Kwa maana, pana safari ndefu. Gari linaposhuka, hatuulizi ni nani. Chuma kimechoka, basi. Gari linaposhushwa, hata kama mtenda hatajwi, yupo: alipima, alichagua, na likiharibika ndiye wa kuulizwa. Springi iliyokatwa kwa msumeno hulifanya gari lishuke. Springi iliyochaguliwa hulishusha.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa, ufikapo kwenye kauli hizi usiishie kwenye orodha ya viambishi. Wape wanafunzi wako sentensi mbili: Bei imeshuka, Bei imeshushwa. Waulize ni ipi kati ya hizo inayomdai mtu. Ukimya utakaofuata ndio mwanzo wa somo.