Breki za Gari la Mama

Nyumbani kwetu Gudele, magharibi mwa Juba, gari ni moja na kazi zake ni nyingi. Asubuhi Toyota Premio ya mama huwapeleka wadogo zangu shule, kisha humpeleka mama soko la Konyo Konyo, anakouza vitenge. Jioni hubeba maji, makaa na majirani. Ninapokuwa likizo, dereva ni mimi.

Usukani wake uko kulia, kama magari mengi yanayotufikia kupitia Uganda, ilhali Sudan Kusini tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Hivyo dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara, na abiria wa mbele ndiye anayeona vizuri yanayokuja. Nikitaka kulipita lori, mama huchungulia na kusema, "Ngoja," au, "Haya, pita." Nimejifunza kuendesha kwa macho ya mama.

Mwaka jana rafiki yangu aliyeko Kampala alinialika kwenye siku ya magari katika uwanja wa Busiika, kaskazini mwa jiji hilo. Gari la kawaida lingeruhusiwa: unalipa, linakaguliwa, kisha unazunguka peke yako huku saa ikihesabu. Wiki hiyohiyo mama alikuwa na safari ya Kampala kununua mzigo, nami ndiye wa kumpeleka. Nikamwomba siku moja. Akaniuliza, "Na likivunjika, vitenge nivibebe kichwani mpaka Nimule?"

Nilijitetea kwa historia. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa za magari yaleyale yaliyouzwa madukani. Mwaka 1965 fundi Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walizishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo alikuwa fundi. Wewe ni mwanafunzi wa lugha." Hata hivyo alikubali.

Siku tatu kabla ya safari nilishinda kwa fundi wetu, chini ya mwembe. Tulibadilisha oili ya injini, tukakung'uta vumbi jekundu kwenye chujio la hewa, tukakaza betri isicheze, tukatazama matairi. Fundi akataja breki. Nikamwambia, "Zinashika, tuziache." Fedha zangu zilikuwa zimehesabiwa kwa mizunguko mitatu uwanjani, na mashimo ya Gudele hayamruhusu mtu kwenda kasi ya kuzijaribu breki.

Tukasafiri kilomita 192 hadi Nimule, tukavuka mpaka na kuhamia upande wa kushoto wa barabara. Mama akaegemea kiti na kusema, "Sasa unaona mwenyewe. Mimi nalala."

Ukaguzi ulikuwa Jumamosi. Mkaguzi, mzee mpole, aliniambia nitoe buti kila kitu kinachoweza kuruka: jeki, tairi la akiba, madumu. Kisha akakaa kwenye kiti changu na kukanyaga pedali ya breki. Pedali ikabonyea laini kama tope chini ya mguu. Akafungua boneti na kunionyesha mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala.

"Haya hunyonya unyevu wa hewani," akasema. "Breki zikipata moto sana, maji yaliyomo huchemka yakawa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Utakanyaga, na gari halitasimama." Na pedi za mbele zilikuwa zimebaki nyembamba kama kadi ya simu.

"Kwetu hatuendi kasi, mzee," nikasema.

"Na mtoto akikatiza mbele yako?"

Sikumjibu. Niliwaona wadogo zangu kwenye kiti cha nyuma, na mikanda ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeisukuma chini ya kiti ili wakae watano. Gari lililokataliwa kuingia katika uwanja usio na mtu wala mbuzi, mimi nililiendesha kila asubuhi katikati ya watoto wa shule.

Fedha za mizunguko miwili zikanunua pedi na mafuta mapya. Rafiki yangu alikanyaga pedali, mimi nikiwa chini nafungua na kufunga vali za kutolea hewa, gurudumu baada ya gurudumu, mpaka povu likaisha na pedali ikawa ngumu. Jumapili asubuhi mzee aliikanyaga tena, akanyoosha kidole gumba.

Nilipata mzunguko mmoja. Udongo wa Busiika ni mwekundu kama wetu, na gari lilipoanza kuteleza mikono yangu ilijua la kufanya. Nisilolijua ni kufunga breki kwa nguvu. Katika kona ya kwanza nilikanyaga nikiwa nimekwisha kukata usukani, na pua ya gari ikaendelea mbele kana kwamba sijaligusa. Kona ya pili nilikanyaga mapema, gari likiwa limenyooka, kisha nikakata. Likanitii. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mama alikuwa kwenye uzio na mwavuli wake, na jina langu lilisomwa karibu na mwisho wa orodha.

Tulirudi Gudele na vitenge vyote. Mikanda ya nyuma niliichomoa na kuifua. Sasa wadogo zangu hupelekwa kwa safari mbili, nao hulalamika kwamba wanaamshwa mapema. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta niliijua tangu shule ya msingi, na mitihani nimeifanyia. Mama hakuwahi kuifanyia mtihani. Lakini kila tukifika kwa fundi chini ya mwembe, yeye hushuka wa kwanza, na kabla ya salamu kwisha huwa amekwisha kusema, "Fungua boneti, nione mafuta ya breki yana rangi gani."